Talanta: Neno Lililotoka Kwenye Mizani

Katika sharika zetu neno "talanta" linasikika karibu kila wiki. Linatajwa katika matangazo ya Jumapili, vijana wanapoalikwa kwenye usiku wa talanta. Linatajwa katika semina, watoto wa kipaimara wanapohimizwa kugundua talanta zao mapema. Linatajwa pia kwa masikitiko, na hapo ndipo sisi wachungaji tunapolisikia kwa uzito zaidi. Mkristo ambaye ameketi benchi la nyuma kwa miaka mingi hutuambia kwamba yeye si mtu wa kazi ya Mungu, kwa sababu hakujaliwa sauti ya kuimba, hajui kuhubiri, na akisimama mbele za watu magoti hutetemeka. "Mchungaji, mimi sina talanta." Maneno hayo husemwa kwa unyenyekevu, nasi tukiyasikia hatujui kama tumfariji au tumpinge.

Katika insha hii tunataka kulifuatilia neno hili tangu lilipoanza. Kwa maana tunayoitumia leo, yaani uwezo wa pekee ambao mtu amezaliwa nao, "talanta" inafuata nyayo za neno la Kiingereza "talent". Waingereza nao waliipata maana hiyo katika Injili, katika mfano aliousimulia Bwana Yesu kwenye Mathayo 25. Lakini katika safari ya karne nyingi neno lilidondosha vitu njiani, na vilivyodondoka ndivyo ambavyo Bwana alikuwa akivizungumzia.

Neno husafiri

Msomaji asishangae kwamba neno linaweza kusahau lilikotoka. Tunalo jingine mfukoni kila siku. Tunaposema "sina hela" hatufikirii Wajerumani. Hata hivyo neno hilo linatokana na Heller, sarafu ndogo ambayo utawala wa Wajerumani uliingiza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, hela 100 zikifanya rupia moja. Sarafu yenyewe ilipewa jina la mji wa Hall huko Ujerumani, ilikotengenezwa zamani. Wajerumani waliondoka, rupia yao ikafa, lakini hela ikabaki vinywani mwetu ikiwa na maana ya fedha yoyote ile. Hakuna aliyekaa na kuamua hivyo. Watu waliendelea kusema, na maana ikasogea kidogo kidogo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa talanta, isipokuwa safari yake ni ndefu zaidi. Hela ilianza kama sarafu ikaishia kuwa fedha kwa jumla. Talanta ilianza kama uzito, ikawa fedha, kisha ikahamia ndani ya mtu.

Uzito kwenye mizani

Kwa Kiyunani neno ni talanton, na katika wingi ni talanta, sawasawa na tunavyolitamka sisi. Maana yake ya kwanza ni mizani. Baadaye likawa jina la uzito mkubwa uliopimwa kwa mizani, na kwa kuwa fedha na dhahabu zilipimwa kabla ya kuhesabiwa, likawa pia jina la kiasi kikubwa cha mali. Talanta ya Athene ilikuwa na uzito wa kilo 26 hivi.

Waebrania walikuwa na kipimo cha namna hiyo, nacho kiliitwa kikkar, neno linalotaja kitu cha mviringo, hata mkate wa mviringo. Watafsiri wa Agano la Kale walikiita talanta. Katika Kutoka 25:39 kinara cha taa cha hema ya kukutania, pamoja na vyombo vyake, kinaamriwa kufanywa kwa talanta moja ya dhahabu safi. Na anayependa hesabu afungue Kutoka 38:25-26. Wanaume 603,550 walitoa kila mmoja nusu shekeli ya fedha, na jumla yake ikawa talanta 100 na shekeli 1,775. Nusu ya 603,550 ni 301,775. Ondoa zile 1,775, gawanya zilizobaki kwa 100, utaona kwamba talanta moja ilikuwa shekeli 3,000. Ni sadaka ya watu 6,000 ndani ya talanta moja.

Katika siku za Bwana Yesu talanta ilihesabiwa kuwa sawa na dinari 6,000. Dinari tunaijua. Katika Mathayo 20 ndiyo ujira wa kibarua wa shamba la mizabibu kwa siku nzima. Basi kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula hata senti moja ya ujira wake, angehitaji miaka 20 ili kufikisha talanta moja. Talanta mbili ni miaka 40. Talanta tano ni miaka 100, umri ambao kibarua hafiki.

Tukishajua hayo, mfano mwingine wa Bwana unafunguka. Katika Mathayo 18 yule mtumwa asiyesamehe anadaiwa talanta 10,000. Hizo ni dinari milioni 60. Mwenzake anadaiwa dinari 100. Waliomsikia Yesu walijua kwamba deni la kwanza halilipiki hata kwa vizazi, na la pili ni vibarua vya miezi michache tu. Uzito wa msamaha wa Mungu unaonekana katika uzito wa neno talanta. Anayedhani talanta ni kipaji cha kuimba hawezi kuusikia mfano huo.

Mfano wenyewe unasema nini

Sasa tusome tena Mathayo 25:14-30 tukiwa na mizani mkononi. Mtu anasafiri, anawaita watumwa wake, anaweka mali yake mikononi mwao. Mmoja anapewa talanta tano, mwingine mbili, mwingine moja. Mstari wa 15 unaongeza neno ambalo wengi huliruka: kila mmoja alipewa kulingana na uwezo wake.

Tusimame hapo kidogo. Ikiwa talanta ziligawanywa kulingana na uwezo, basi talanta na uwezo ni vitu viwili tofauti. Uwezo ulikuwa tayari kwa watumwa kabla bwana hajafungua sanduku. Talanta ilikuwa mali ya bwana, ilitoka kwake, na ingerudi kwake. Uwezo ulikuwa kipimo cha kugawia, na talanta ndiyo kilichogawiwa. Lugha za leo, Kiingereza kwanza na Kiswahili nyuma yake, zimevichanganya vitu hivyo viwili na kuvipa jina moja.

Jambo la pili: mtumwa wa tatu hakuwa mwizi. Alichimba akaficha fedha ardhini, na katika nchi ile, ambako hapakuwa na benki kama tunazozijua, kufukia fedha kulikuwa njia ya kuaminika ya kuilinda. Waalimu wa Kiyahudi, kama maandiko ya Talmudi yanavyoonyesha, walihesabu ardhi kuwa mahali pa salama kwa fedha ya amana. Hakupoteza kitu, na bwana aliporudi alimpa mali yake yote. Kosa lake lilikuwa kwamba alimwogopa bwana wake na kumdhania kuwa mtu mgumu, na kwa hofu hiyo akaiondoa mali ile katika maisha ya watu. Kwa muda wote wa safari ya bwana, fedha ambayo ingeweza kulipa ujira wa miaka 20 haikumfikia mtu yeyote.

Jambo la tatu: hapakuwa na mtumwa asiyepewa. Aliyepewa kidogo kuliko wote alipewa miaka 20 ya jasho la kibarua. Mfano haumfahamu mtu anayesema, "Mimi sina talanta." Unamfahamu tu mtu aliyenayo akaifukia.

Wachungaji wa kale walivyolihubiri

Kanisa lilianza mapema kuuliza talanta hizo ni nini kwetu. Yohana Krisostomo, aliyekufa mwaka 407, aliwahubiria watu wake kwamba talanta ni kile ambacho kila mtu anacho cha kumsaidia jirani, kiwe ni fedha, au mafundisho, au nafasi ya kumtetea mtu. Mkazo wake ulikuwa kwa jirani: kitu kinachobaki kwa mwenyewe tu hakijafanyiwa biashara.

Gregori Mkuu, aliyekuwa askofu wa Roma kuanzia mwaka 590 hadi 604, alizifafanua talanta tano kuwa milango mitano ya fahamu, lakini mwisho wa mahubiri yake alishuka hadi kwa watu wa kawaida. Alisema kwamba aliyejifunza ufundi unaomlisha, ufundi huo utahesabiwa kuwa talanta aliyopokea. Na mtu asiye na elimu, wala mali, wala ufundi, lakini labda anafahamiana na tajiri, huyo naye amepokea talanta ya kufahamiana, na ataulizwa kama aliwahi kumsemea maskini kwa tajiri huyo. Ni vigumu kuona mtu gani anabaki nje ya orodha hiyo. Gregori hakuwa akitafuta watu wa ajabu. Alikuwa akihesabu kila kitu kilichomo mikononi mwa mtu, hata salamu anazojibiwa na wakubwa.

Njia ya kuelekea Kiingereza

Kutoka Kiyunani neno liliingia Kilatini likawa talentum. Katika karne ya 9 tayari lilikuwa limefika kwenye maandishi ya Kiingereza cha kale, bado likiwa na maana ya kiasi cha fedha. Lakini huko Ufaransa, na katika lugha nyingine zilizozaliwa na Kilatini, lilichukua njia ya pembeni. Likaanza kumaanisha utashi, hamu, mwelekeo wa moyo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mizani huelemea upande mmoja, na moyo wa mtu nao huelemea upande fulani. Kihispania hadi leo kina neno talante, ambalo ni hali ya moyo ya mtu. Waingereza wa karne ya 14 walilipokea neno likiwa na maana hiyo pia, kwa hiyo kwao mtu mwenye "talent" ya jambo alikuwa mtu mwenye hamu nalo.

Maana tunayoijua leo ilijitokeza katika karne ya 15, na ilizaliwa na mahubiri. Watu walikuwa wamesikia mfano wa Mathayo kwa karne nyingi ukifafanuliwa kwamba talanta ni zile karama ambazo Mungu amemkabidhi mtu. Hatimaye mfano ukawa neno la kawaida: "talent" ikawa uwezo ambao mtu amekabidhiwa ili autumie na kuuongeza. Tuangalie vizuri neno "amekabidhiwa". Mwanzoni maana hiyo ilikuwa bado na mwenye mali ndani yake, na siku ya hesabu pia. Tafsiri za Biblia ziliitia nguvu. William Tyndale, katika Agano Jipya la mwaka 1526, aliliacha neno lilivyo, na Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ikafanya hivyo hivyo. Mwingereza aliyesoma Mathayo 25 aliona neno lile lile alilolitumia akimsifu mpiga kinubi.

Kwa upande wetu Walutheri kuna jambo la kufurahisha. Martin Luther alipotafsiri Agano Jipya mwaka 1522 hakuliacha neno la Kiyunani. Aliandika Zentner, kipimo cha uzito cha masoko ya Ujerumani, na Biblia ya Luther inakitumia hadi leo. Miaka minane baadaye, katika barua yake kuhusu kazi ya kutafsiri, alieleza kwamba mtafsiri hana budi kumsikiliza mama nyumbani, watoto barabarani na mtu wa kawaida sokoni. Kwa sababu hiyo Mjerumani anayesoma mfano huu anaona mzigo mzito wa fedha. Lugha yake nayo ina neno Talent kwa maana ya kipaji, lakini halikutani nalo katika ukurasa huo wa Biblia. Mizani ilibaki mahali pake.

Mtu aliyelihisi neno lote

Katika Uingereza ya karne ya 17 alikuwako mtu aliyelihisi neno hili kwa pande zake zote mbili, uwezo na deni. Ni mshairi John Milton, aliyezaliwa mwaka 1608. Alikuwa msomi wa lugha nyingi na mtumishi wa serikali aliyeandika barua zake kwa mataifa ya nje. Kufikia mwaka 1652, akiwa na miaka 43, macho yote mawili yalikuwa yamezimika.

Milton aliandika shairi fupi juu ya upofu wake, nalo lilichapishwa mwaka 1673. Katika shairi hilo anaizungumzia talanta yake moja, uandishi, ambayo sasa imekaa ndani yake bila kazi. Anajiona katika nafasi ya yule mtumwa wa tatu, tofauti ikiwa kwamba yeye hakuifukia kwa hofu. Imefukiwa na giza. Anauliza kama Mungu atamdai kazi ya mchana mtu aliyenyimwa nuru. Na jibu analofikia ni kwamba Mungu si mwenye shida anayehitaji kurudishiwa faida, na kwamba yule anayekaa tayari kwa amri ya bwana wake naye anatumika. Baadaye aliendelea kutunga kwa kusema na wengine wakamwandikia, na kitabu chake kikuu, Paradise Lost, kilitoka mwaka 1667.

Tunamtaja kwa sababu mbili. Kwake talanta bado ilikuwa mali ya mwingine, ndiyo maana ilimsumbua. Mtu hasumbuliwi na mali yake mwenyewe kwa namna hiyo. Lakini pia alimfahamu Bwana wake kuliko mtumwa wa tatu alivyomfahamu wa kwake. Hakumwona kuwa mtu mgumu.

Mwenye mali anatoweka

Miaka iliyofuata neno lilianza kumsahau mwenye mali. Kiingereza kikatengeneza neno la sifa, "talented", yaani mwenye talanta nyingi. Mwaka 1832 mshairi Samuel Taylor Coleridge alilalamika juu ya neno hilo katika mazungumzo yaliyochapishwa baada ya kifo chake. Alihoji: kama jina la fedha linaweza kufanywa sifa ya mtu, kwa nini tusifanye hivyo kwa shilingi na senti? Wengi walilichukua kuwa lalamiko la mtu anayependa kusahihisha lugha. Lakini Coleridge alikuwa akikumbuka kwamba talanta ni kitu ambacho mtu hupewa mkononi, na wenzake walikuwa wamekwisha kusahau.

Katika karne ya 20 neno lilisogea tena. Sasa mtu hakusemwa tu kuwa na talanta, bali yeye mwenyewe aliitwa talanta. Viwanda vya filamu na klabu za michezo viliajiri watu wa kusaka talanta. Mwaka 1997 washauri wa biashara wa Marekani walianza kusema juu ya vita vya kugombea talanta, wakimaanisha makampuni yanavyonyang'anyana wafanyakazi hodari. Mashindano ya televisheni yanayobeba neno hilo katika jina lake yalianza Marekani mwaka 2006, Uingereza mwaka 2007, na mwaka 2019 yakafanyika ya Afrika Mashariki. Humo talanta inaonyeshwa kwa dakika chache, waamuzi wanabonyeza kitufe, na watu wanapiga makofi au wanazomea.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu vijana wanaopanda majukwaani. Wengine wamelisha familia zao kwa njia hiyo, nasi tunamshukuru Mungu. Tunachotaka kionekane ni kwamba hesabu imebadilika. Katika Injili bwana ndiye anayekuja kuhesabu. Katika jukwaa wanaohesabu ni watazamaji.

Neno linaporudi kwetu

Sisi tulilipata neno kwanza katika Biblia. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, inatumia talanta katika Kutoka na katika Mathayo kwa maana ya kipimo. Katika Luka 19, ambako kuna mfano unaofanana na huu lakini wenye kipimo kidogo zaidi, inasema mafungu ya fedha. Maana ya kipaji imekuja juu yake kupitia mahubiri, shule na lugha ya Kiingereza. Nchini Kenya serikali ina mpango wa vijana unaoitwa Talanta Hela. Hapo wamekutana wasafiri wawili wa hadithi yetu, uzito wa Kiyunani na sarafu ya Kijerumani, na talanta imerudi kwenye fedha ilikotoka.

Lakini kabla ya kuazima, Kiswahili kilikuwa na neno lake. Tunasema kipaji, tunasema kipawa. Yote mawili yanatokana na kitenzi cha kupa. Na kipawa kinasema wazi zaidi, kwa maana kupawa ni kupewa. Kwa umbo lake lenyewe neno hilo linatuuliza: nani alitoa? Mtu anaposema "nina kipawa" amekiri, ajue asijue, kwamba alikuwa mikono mitupu na mwingine akampa. Paulo anauliza jambo hilo hilo katika 1 Wakorintho 4:7, akiwataka wenye majivuno wataje ni kitu gani walicho nacho ambacho hawakukipokea. Bibi zetu walikuwa na swali la mtume ndani ya sarufi yao.

Wote wawili, Kiyunani na Kiswahili, wanatusaidia. Talanta inatukumbusha kwamba kitu hicho ni kizito na kitahesabiwa. Kipawa kinatukumbusha kwamba kilitolewa bure. Tukishika uzito peke yake tutakuwa na hofu ya mtumwa wa tatu. Tukishika ubure peke yake tutakichezea.

Kwa yule wa benchi la nyuma

Sasa turudi kwa anayesema hana talanta. Maana mpya ya neno imeumiza pande mbili. Imewavimbisha wale wanaosifiwa, wakadhani sauti ni yao na kwaya ni yao. Na imewafunga midomo wengi zaidi, ambao wamejipima kwa kipimo cha jukwaa na kujiona wepesi. Ugonjwa wa kwanza tunaukemea mara kwa mara. Wa pili tunaupita, kwa sababu unafanana na unyenyekevu.

Injili yenyewe ina dawa. Tusifunge Biblia kwenye mstari wa 30. Mara tu mfano wa talanta unapokwisha, katika mstari wa 31 Mwana wa Adamu anaketi katika kiti cha utukufu wake na hesabu inaanza. Anauliza nini? Njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa, kifungo. Chakula, maji, pa kulala, nguo, kumtazama mgonjwa, kumwendea mfungwa. Hakuna hata moja katika hayo sita linalohitaji sauti nzuri. Hakuna linalohitaji jukwaa. Mathayo ameweka mambo haya mawili karibu, na anayeuliza biashara ya talanta inafanywaje hana haja ya kwenda mbali, afuate mistari.

Luther alilielewa hilo. Katika maandishi yake juu ya ndoa ya mwaka 1522 alisema kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake, hata watu wakimcheka, Mungu pamoja na malaika wake humfurahia, ikiwa anafanya hivyo kwa imani. Na katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, tuliyoikariri wote kwenye kipaimara, maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani yanaorodhesha vitu ambavyo Mungu ametupa: mwili na roho, macho na masikio, akili, nguo, chakula, nyumba, jamaa. Ni orodha ya mali iliyokabidhiwa. Anayetafuta talanta zake aanze kuhesabu hapo.

Tuitazame Jumapili moja ya kawaida. Kuna aliyefagia kanisa alfajiri. Kuna mzee wa kanisa aliyekwenda kusuluhisha ndugu waliogombea mpaka wa shamba. Kuna aliyeleta mayai sita kama sadaka, na kwenye mnada baada ya ibada jirani yake akayanunua kwa bei ya kuku. Kuna mama aliyekaa na mfiwa bila kusema neno. Kuna kijana anayejua simu, akamsaidia mjane kufuatilia malipo ya marehemu mumewe. Kuna anayefahamiana na mwenyekiti wa kijiji, akamsemea asiyefahamika. Gregori angewatambua wote hao. Wengi wao, ukiwauliza, watakwambia hawana talanta.

Basi tunashauri jambo moja katika matumizi ya neno hili. Neno limekwisha kuenea, hatuna haja ya kulifukuza, na usiku wa talanta wa vijana uendelee kwa furaha. Lakini tunapowauliza waumini, "Una talanta gani?" tuongeze maswali mawili ambayo neno limeyadondosha njiani: ni mali ya nani, na imemfikia nani? Aliyeimba vizuri ayajibu hayo. Aliyefagia ayajibu pia. Tukiuliza hivyo, benchi la mbele litapungua majivuno, na benchi la nyuma litaona kwamba mikono yake haikuwa mitupu.

Na yeyote ambaye kwa hofu ameifukia, asikate tamaa. Bwana bado hajarudi kufanya hesabu, na jembe lililofukia ndilo linaloweza kufukua. Mungu wetu si mtu mgumu. Ni yeye aliyesamehe talanta 10,000.